Somo Ambalo Shangazi Hakutupa



Katika ofisi ninayofanyia kazi hapa mjini Jinja yupo mama mmoja, mtunza masjala, mwenye umri wa miaka 47. Ni mtu wa heshima zake, mpole wa maneno, na kwa muda wa karibu mwaka mzima tulikuwa tukimwona akichukua jalada na kujipepea nalo. Mwanzoni tulidhani ni joto la chumba, kwa kuwa masjala ina dirisha moja tu na majalada yamerundikana mpaka karibu na dari. Kisha tukaona kwamba hata siku za mvua, wakati sisi wengine tumejikunyata, yeye jasho lamtiririka shingoni na uso umemwiva. Dakika tatu, nne, halafu lapita, naye hujipangusa kwa ncha ya kitenge na kuendelea na kazi kana kwamba hapakuwa na lolote. Usiku halali. Asubuhi hufika amechoka, na kwa neno dogo tu machozi humlengalenga, jambo ambalo halikuwa tabia yake kamwe.

Mama huyu alitibiwa malaria mara tatu katika msimu mmoja wa mvua. Mara ya kwanza kipimo hakikuonyesha vijidudu, akapewa dawa vivyo hivyo. Mara ya pili hakupimwa. Mara ya tatu aliambiwa kuwa malaria yake imekuwa sugu, akachomwa sindano. Alipoona hapati nafuu akaenda kupima presha, akaenda kupima sukari, na mwisho, kwa siri kubwa, akaenda kupima virusi vya Ukimwi, maana alikuwa amesikia kwamba ugonjwa huo huanza kwa jasho la usiku. Vipimo vyote vikatoka salama. Hapo ndipo jirani alipomnong'oneza kwamba mtu asiyeonekana ugonjwa na bado anaugua, basi pana mkono wa mtu. Fedha alizompelekea mganga hakutaka kunitajia.

Katika safari zote hizo hakutokea hata mhudumu mmoja aliyemwuliza swali dogo kabisa: hedhi yako ya mwisho uliiona lini? Angeulizwa, angejibu kwamba kwa mwaka mmoja na nusu ilikuwa ikija na kuruka, mwezi huu ipo, miezi miwili haipo.

Nilipomwuliza mimi, tena kwa haya, kwani ni mdogo kwake kwa miaka kumi, alinitazama kwa muda kisha akasema, "Mdogo wangu, hata hayo nayo huulizwa?"

Basi leo yaulizwe.

Sisi tuliolelewa katika nchi hii twajua desturi ya Ssenga, yaani shangazi, dada yake baba, ambaye kwa Waganda ndiye mwenye kazi ya kumfunda binti. Wenzetu wa pwani wanaye kungwi. Shangazi yangu mimi alikuja nilipovunja ungo, akanifundisha namna ya kujistiri na kuhesabu siku zangu; akaja tena kabla ya harusi, akafunga mlango na madirisha, akaniambia mambo ambayo sitayaandika katika gazeti la Serikali. Alikuwa mwalimu hodari kuliko wengi walionifundisha chuoni nilipokuwa nikitafuta cheti changu cha ualimu. Lakini somo lake lilikuwa na mwanzo na katikati tu. Siku ambayo mambo hayo yote yatakoma, itakuwaje, itaonekana kwa dalili gani, ipi ya kuogopwa na ipi ya kuachwa ipite: hapo hakufika.

Nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu niliyenyimwa. Jumapili moja, baada ya kikundi chetu cha kuweka akiba pale Walukuba kumaliza hesabu zake, niliwaomba akina mama wakae kidogo, nikalitaja jambo lenyewe. Kwanza wakacheka wote. Kisha muuza dagaa mmoja, mama wa miaka 53, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje, "Mimi nilimshukuru Mungu! Ramadhani nafunga siku zote bila deni, nasali bila kukatiza, na zile fedha za pamba sasa nanunua sukari." Wenzake wakampigia makofi. Lakini jirani yake, aliye na miaka 44, hakucheka. Alisema mkwewe humwambia kwamba mwanamke aliyekoma ni shamba lililochoka, na mume hutafuta shamba jingine. Yeye alikuwa akisubiri siku hiyo kama mtu asubiriye barua ya kuachishwa kazi.

Wa tatu alieleza jambo ambalo wengi waliliitikia kwa vichwa: kwamba damu isiyotoka hukusanyika tumboni, au hupanda kichwani ikaleta presha na wazimu, na kwa hiyo hapana budi kunywa mizizi ya kuishusha. Wa nne alinyamaza kikao kizima. Tulipokuwa tukitoka alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba maumivu anayoyapata akiwa na mumewe ni adhabu.

Nitaanza na hiyo damu, maana imani hiyo yawanywesha watu vitu vya hatari. Hakuna damu inayokusanyika. Mtoto wa kike huzaliwa na mbegu za mayai zipatazo milioni moja hadi mbili katika ovari zake mbili, na hazizidi tena baada ya hapo, bali hupungua kila mwaka. Anapovunja ungo zimebaki laki tatu au nne hivi, na katika maisha yake ni kama mayai 400 au 500 tu yatakayopevuka. Kila mwezi ovari hutoa vichocheo viitwavyo homoni, navyo huamuru ukuta wa tumbo la uzazi uvimbe na kujiandaa kupokea mimba. Mimba isipoingia, ukuta ule hubomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Akiba ya mayai inapokaribia kwisha, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila utaratibu, ukuta haujengwi kama zamani, na siku moja haujengwi tena. Kisichojengwa hakibomoki. Hapana kitu cha kushushwa kwa mizizi.

Wanawake walio wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Akikoma kabla ya kutimiza 40, hiyo ni mapema mno na yafaa amwone daktari. Aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji hukoma siku ile ile. Na mtu hahesabiwi kuwa amekoma mpaka zipite siku za mwaka mzima, miezi 12 mfululizo, bila kuona damu. Ile miaka ya kuruka-ruka kabla yake, ambayo ndiyo yenye vituko vingi, yaweza kuwa minne au zaidi, na mayai bado hupevuka siku moja moja. Akina mama wengi wamejikuta na mimba wakidhani wamemaliza. Madaktari hushauri aliyekoma akiwa amepita miaka 50 aendelee kujikinga mwaka mmoja, na aliye chini ya 50 miaka miwili. Tena wengi wetu tunatumia sindano ya miezi mitatu, nayo yenyewe huweza kukausha hedhi. Huyo hawezi kujua kwa kuhesabu siku, na akiitaka hakika amwulize mkunga.

Lile joto la ghafla la mtunza masjala wetu hutokea ubongoni. Ipo sehemu ndogo inayopima joto la mwili, na estrojeni inapoyumba sehemu ile hushtuka kwa jambo dogo. Hudhani mwili umechemka, hivyo hufungua mishipa ya ngozi na kutoa jasho ili upoe. Homa ya malaria hupanda ikakaa kwa saa kadhaa, huleta baridi ya kutetemeka na maumivu ya mwili. Hili huja na kupita kwa dakika chache, na mwenye nalo hana homa akipimwa. Simaanishi kwamba mtu asipime malaria. Katika nchi yetu asiyepima ni mjinga. Nasema kipimo kikikataa, kiaminiwe, na swali la pili liulizwe.

Sasa nirudi kwa wale akina mama wanne, kwa sababu kicheko cha muuza dagaa na hofu ya jirani yake vimenifikirisha kuliko homoni. Je, namna mtu anavyolingoja jambo hili yaweza kulibadili lenyewe?

Katika jimbo la Massachusetts, huko Marekani, wachunguzi waliwafuata wanawake zaidi ya 2,500 wenye umri wa miaka 45 hadi 55 kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliwauliza maoni yao kabla hedhi haijakoma, kisha wakawauliza tena baadaye. Walio wengi walisema kukoma kwenyewe kumewapa nafuu au hakukuwagusa sana, na wale walioongoja kwa ubaya ndio waliokuwa wepesi zaidi kuripoti taabu. Kabla ya hapo, mwaka 1975, mtaalamu Mmarekani Marcha Flint aliandika juu ya wanawake wa Kirajput wa kaskazini ya Bara Hindi, ambao katika ujana wao walikaa ndani na kujifunika mbele ya wanaume. Hedhi ilipokoma walifunguliwa: waliweza kuketi na wanaume, kuzungumza na kufanya mzaha. Alipowauliza juu ya maradhi ya wakati huo, wachache tu walikuwa na la kulalamikia. Na huko Japani, Margaret Lock aliyefanya uchunguzi katika miaka ya 1980 aliwakuta wanawake wakitaja mabega yaliyokakamaa na kuumwa na kichwa kuliko joto la ghafla.

Kinyume chake ni daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, aliyetoa kitabu mwaka 1966 akasema kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, na mwanamke asiyetibiwa ameharibika. Nikisoma habari za bwana huyo humkumbuka yule mkwe wa Walukuba na shamba lake lililochoka. Mmoja ana digrii na mwingine ana jembe, lakini neno lao ni moja.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Mtu asije akamwambia mkewe, "Gazetini wamesema ni mawazo yako tu." Joto lile ni la kweli. Uchunguzi mwingine ulioanza Marekani mwaka 1996, ukiwafuata wanawake zaidi ya 3,000 wa asili mbalimbali, ulionyesha kwamba nusu ya walioandamwa na joto la mara kwa mara walikaa nalo kwa zaidi ya miaka saba, na kwa wenye asili ya Kiafrika muda huo ulipita miaka kumi. Miaka kumi ya kutolala vizuri si mawazo. Mumewe ataona ukali na uchovu, na asipoambiwa sababu ataitafuta mwenyewe, na mara nyingi ataipata mahali pasipo penyewe.

Dawa zipo. Vidonge vya kurudisha homoni ndivyo vinavyoshinda vingine kwa kuzuia joto hilo. Viliingia doa mwaka 2002, uchunguzi mkubwa wa Marekani uliposimamishwa kwa sababu ya kuonekana kuongeza saratani ya matiti: wagonjwa wanane zaidi katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Baadaye ilieleweka kwamba wengi wa wanawake wale walikuwa wamevuka miaka 60, na kwamba kwa mwenye afya aliye chini ya 60, au asiyepitisha miaka kumi tangu kukoma, mara nyingi faida huzidi hasara. Lakini aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au damu kuganda katika mishipa, au anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo, hazimfai. Si dawa za kununua dukani kwa kusikia tu. Nilipoulizia katika maduka matatu ya dawa hapa mjini, mawili hayakuwa nazo, na la tatu bei yake ilinifanya nirudishe pochi mkobani.

Kwa yule mama aliyenishika mkono, jibu ni hili: si adhabu. Estrojeni ikipungua, njia ya uzazi hukauka na ngozi yake huwa nyembamba, na tofauti na joto la ghafla, ukavu huu hauondoki wenyewe kwa kungoja. Yako mafuta maalumu ya maji ya kulainisha, na ipo krimu ya homoni ya kipimo kidogo ipakwayo mahali hapo tu. Anayetumia kondomu asitumie mafuta ya kupikia wala ya mgando, kwani huichana. Mume naye ana sehemu yake katika dawa hii, nayo ni subira.

Mifupa pia huanza kupungua kwa kasi katika miaka ya kwanza baada ya kukoma, na moyo hupoteza sehemu ya kinga yake. Dagaa wa ziwani wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, mboga za majani, na kutembea kwa miguu badala ya kupanda boda-boda kwa kila safari: hayo twayamudu. Presha ipimwe kila mwaka.

Nimechelewesha jambo moja makusudi, kwa sababu ni zito kwangu.

Shangazi yangu, yule yule aliyefunga madirisha, alikoma hedhi akiwa na miaka 50. Baada ya miaka minne akaona damu tena. Alicheka. Aliniambia kwa simu, "Mwanangu, ujana umerudi, mwambie mjomba wako ajihadhari." Nami nikacheka naye. Nilikuwa na cheti cha ualimu, nilikuwa mtumishi wa Serikali, nilikuwa nimesoma sayansi ya mwili wa binadamu nikaifundisha, na sikujua kwamba damu inayotoka baada ya mwaka mzima wa kukoma haiitwi hedhi hata ikiwa tone moja. Miezi tisa alinunua pamba. Ilipoanza kutoa harufu na kiuno kikamkamata, ndipo alipomwambia binti yake. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imekwisha kutambaa. Tulimzika mwaka 2019.

Damu ya namna ile si lazima iwe saratani. Yaweza kutokana na ule ukavu, au na uvimbe mdogo usio na ubaya. Lakini asiyepimwa hajui. Na katika Uganda hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hii ya mlango wa kizazi, ilhali huchukua miaka mingi kukua na katika miaka hiyo huonekana na huzuilika.

Kipimo kinachopatikana katika vituo vyetu vingi hufanywa kwa siki. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki nyepesi, husubiri kidogo, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Hakuna kisu wala sindano. Ila akina mama walio karibu na miaka 50 walijue hili, ambalo mimi nililijua nikiwa nimechelewa: baada ya kukoma, ile sehemu ya kutazamwa hurudi ndani, na siki haiionyeshi vizuri tena. Ndiyo maana mpango wa nchi yetu uliwalenga wanawake wa miaka 25 hadi 49. Aliyepita umri huo aulizie kipimo cha virusi vya HPV, ambacho mwanamke huweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe. Mwenye virusi vya Ukimwi aanze mapema na arudi mara nyingi zaidi kuliko wengine, kwani hatari kwake ni mara sita.

Mtunza masjala wetu alikwenda mwezi uliopita, nami nilimsindikiza, nikapimwa pia. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita, yeye katika gomesi lake zuri la rangi ya zambarau kama anayekwenda harusini. Wote wawili tuko salama. Mkunga alimwuliza lile swali la hedhi ya mwisho, akalijibu bila kusita, kisha akageuka kunitazama.

Ofisini bado hujipepea, ingawa si kwa kujificha. Tumehamisha majalada yaliyoziba dirisha, na sasa linakaa wazi tangu asubuhi. Karani mmoja kijana hulalamika kwamba upepo wa ziwa humpeperushia karatasi zake. Mama yetu humjibu, "Mwanangu, tafuta jiwe."